Euro za Nauli ya Treni

Mimi ni mkunga katika zahanati moja ya kijijini, si mbali na Tosamaganga. Usharika mmoja wa Ujerumani, ambao ni rafiki wa usharika wetu tangu nikiwa msichana, ulinialika kwenda kukaa na wakunga wenzangu wa huko kwa wiki chache. Tiketi ya ndege walilipa wao. Kulala na kula kwao. Mwenyeji wangu alinitumia ujumbe wa furaha kwenye simu, na mwishoni akaongeza: kutoka uwanja wa ndege utapanda treni hadi mji wetu, kwa hiyo uje na euro kidogo za nauli.

Nilimjibu hakuna shida.

Nilikwenda benki Iringa mjini. Dirishani alikuwepo kijana nadhifu aliyenisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza kama nina vielelezo. Nikamuuliza vielelezo gani. Akasema pasi ya kusafiria, viza na tiketi. Kwa haraka niliyokuwa nayo, vyote nilikuwa nimeviacha nyumbani. Kesho yake nikarudi navyo. Alivikagua kimoja kimoja, akavitoa kivuli, akavigonga muhuri, akanirudishia.

"Euro hatuna," akasema.

"Zimeisha leo?"

"Hapana, dada. Tangu niajiriwe hapa sijawahi kuziona."

"Sasa mbona jana hukuniambia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Jana hukuwa na vielelezo. Siwezi kumweleza mtu asiye na vielelezo habari za fedha za kigeni."

Alinishauri niende Mbeya. Mbeya ni jiji, alisema, na wapo karibu na mpaka.

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi la alfajiri. Kule benki nilihudumiwa na binti mwenye sauti ya upole kama ya muuguzi anayetaka kuchoma sindano. Euro? Zipo. Nikashusha pumzi. Ila, akasema, tunawauzia wateja wenye akaunti ya fedha za kigeni tu.

"Basi nifungulie hiyo akaunti."

"Karibu sana, mama. Lete euro za kufungulia."

"Ndizo ninazotaka kununua."

"Ndiyo. Ukishazinunua uje nazo."

"Nikazinunue wapi?"

"Hapahapa. Ukishakuwa na akaunti."

Nyuma yangu mlinzi aligeukia ukutani, nikaona mabega yake yanatikisika. Binti hakucheka, na wala hakuwa ananifanyia dhihaka. Nilimwuliza kama akaunti hiyo inaweza kufunguliwa kwa dola. Akasema dola pia ni fedha ya kigeni, hata moja tu si mbaya. Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi yangu wa Chimala.

Familia yetu ni Wasukuma. Babu alihama na ng'ombe zake kutoka kanda ya ziwa hadi mbuga za Usangu kabla sijazaliwa, na shangazi akaolewa hukohuko. Siku moja, nikiwa bado shule ya msingi, gari la Mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza ndege wa porini lilizama kwenye tope. Mume wa shangazi alifunga maksai akalivuta hadi barabarani. Yule Mzungu alimpa noti ya dola mia moja. Kila mtu alimwambia akaibadilishe anunue ndama. Mzee akakataa. "Hii si pesa," alisema, "hii ni asante." Akaitia kwenye fremu yenye kioo, akaipigilia misumari, akaitundika sebuleni kando ya picha ya harusi yao. Mzee alipofariki, noti ilibaki pale.

Nilifika Chimala jua likizama. Baada ya shikamoo na marahaba na sahani ya wali iliyonishinda kuimaliza, nikamweleza shangazi yaliyonipata. Sikumwomba kitu, sikuthubutu. Aliinuka, akasimama mbele ya picha ya harusi, akazungumza na marehemu kwa Kisukuma. Nilimsikia akimwambia kwamba mtoto anasafiri, na kwamba anaazima tu.

Asubuhi nilitafuta koleo la kung'oa misumari. Akanizuia. "Misumari ya mume wangu haing'olewi na mtu. Wao si wanataka kuona dola? Wataiona. Kioo hakifichi."

Ndivyo tulivyoingia benki Mbeya, mimi na shangazi na fremu iliyofungwa kwenye kitenge. Shangazi akakifungua kitenge mbele ya dirisha na kuisimamisha fremu, kama mtu anayeonyesha picha ya mgombea.

"Mwangaluka," akamsalimia binti kwa Kisukuma. "Hiyo hapo. Fungua akaunti."

Binti akasema noti lazima ipite kwenye mashine. Shangazi akasema mashine ije. Wakabishana hadi foleni yote ikawa upande wetu au upande wa mashine. Mwishowe, kwa ruhusa ya shangazi mwenyewe, mlinzi akaleta bisibisi na kuchokonoa misumari polepole, huku shangazi akiipokea mmoja baada ya mwingine na kuifunga kwenye ncha ya khanga. Noti ikatoka ikiwa imenyooka kama imepigwa pasi. Binti akaichukua kwa vidole viwili, akaitazama, na uso wake ukaingiwa na huzuni.

"Pole, bibi. Hii ni ya kichwa kidogo. Hatupokei."

"Kichwa cha nani?"

"Cha huyu mzee kwenye picha. Noti za siku hizi ana kichwa kikubwa."

Shangazi akainama akamtazama yule mzee mwenye nywele ndefu. "Binti yangu, alipopigwa picha hii kichwa chake kilikuwa hivi. Kama baadaye kilivimba, mimi nahusikaje?"

Foleni ilivunjika mbavu. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alisema kwa sauti kwamba hata yeye zamani alikuwa na kichwa kidogo na mshahara wake ulipokelewa. Kelele zikamtoa meneja ofisini. Alikuwa mtu mnene, mchovu, mwenye kalamu sikioni. Akaelezwa habari yote tangu mwanzo, na mlinzi akamrekebisha binti palipopungua.

"Lakini huyu mama ni msafiri," meneja akasema. "Ana viza. Msafiri hahitaji akaunti. Hiyo ni ya wafanyabiashara."

"Mimi niliikuta sheria hii, bosi," binti akasema. "Niliambiwa ni ya watu wote."

"Na wewe unataka euro kiasi gani, mama?"

"Nauli ya treni."

Meneja akafumba macho kidogo. Nikauziwa euro hamsini, noti moja. Niliwekewa sahihi na watu wa ofisi tatu, na yule mzee wa kofia akanipa mkono wa heri.

Nje, tukiwa tumeketi kwenye ukingo wa maua, nilimwomba shangazi msamaha kwa kumvunjia fremu bure. Alikuwa anairudisha noti taratibu chini ya kioo. Akacheka hadi akajifuta machozi.

"Usiku kucha nilikuwa naomba waikatae," akasema. "Kukupa ilikuwa lazima, wewe ni damu yangu. Lakini Mungu naye ana masikio."

Nikasafiri. Nilipotoka uwanja wa ndege kule Ujerumani, mwenyeji wangu alikuwa amesimama mlangoni ameshika maua. Alikuja na gari. Alisema alipofikiria zaidi, aliona treni ingenisumbua.

Siku ya pili binamu yangu alinipigia simu ya video kutoka Chimala, na uso wa shangazi ukajaa kioo chote. Alitaka nizungushe simu aone ninapoishi. Nikamwonyesha nyumba, baiskeli, kanisa, barabara isiyo na hata karatasi moja.

"Ng'ombe wao wako wapi?" akauliza.

"Sijawaona bado, shangazi."

"Basi hujafika," akasema. "Endelea na safari."