Kuku wa Ukweni

Niliacha nyama kwa bahati tu, wala sikuwa na hekima yoyote. Tulikuwa Wakatoliki, wakulima wa jirani na Kipalapala, na mwaka ule nilifunga Kwaresima nzima bila kuonja nyama wala samaki, maana mimi ukiniambia siliwezi jambo, hapo ndipo ninapoliweza. Pasaka ikafika, mama akaniwekea bakuli la nyama ya mbuzi, nami nikaona sina hamu. Mwili ulikuwa mwepesi, usingizi mtamu, na maharage yake yalikuwa yameninogea kuliko sikukuu yenyewe. Nikaendelea hivyo hivyo. Mama alisikitika.

"Kwaresima imekwisha, mwanangu. Hata mapadri wanakula."

Baadaye nikapata mchumba huko Puge. Hapo ndipo mjomba wangu, aliyekuwa mshenga, alipoanza kukosa raha. Mkwe mpya huchinjiwa kuku, na kumkataa kuku wa ukweni ni sawa na kumkataa binti mbele ya baba yake. Njia nzima, tukipokezana kuendesha baiskeli, alinisihi.

"Kipande kimoja tu, baba. Kimoja! Ukishaoa, kula hata nyasi."

Nilimpenda yule msichana hadi nikakonda, lakini ubishi wangu nao sikuuacha nyumbani.

Kuku aliletwa kwenye mchuzi mzito, firigisi imewekwa upande wangu. Baba mkwe akanikaribisha. Nikakusanya adabu zote nilizofundishwa.

"Baba, nashukuru sana. Ila mimi sili nyama."

Akarudisha tonge sahanini. "Ni mwiko wa ukoo wenu?"

"Hapana, baba. Nimeacha mwenyewe."

Mjomba akanifinya paja. Niliogopa kweli; niliona ndoa yangu ikipoa pamoja na ule mchuzi.

Mara jikoni kikasikika kicheko cha mwanamke. Alikuwa mama mkwe, ambaye kwa heshima ya ukwe hatukuruhusiwa hata kutazamana. Nyakati zile wanawake wa kwao hawakula kuku kabisa. Waliwafuga, wakawapika, wakawapakulia wanaume.

"Mwambieni mgeni," akasema kwa sauti iliyofika barazani, "mimi nimewapika hao kuku tangu niolewe, sijaonja hata mchuzi, na sijafa! Mpelekeeni chungu chetu."

Chungu kikaja, kimebebwa na mchumba wangu mwenyewe, midomo ameibana asicheke. Ndani mlikuwa na nsansa, yale majani ya kunde yanayokaushwa juani, yameungwa kwa karanga mpaka yanameta mafuta. Nilikula kwa furaha ambayo hata leo siwezi kuieleza vizuri. Sikubakiza kitu. Mjomba, maskini, alilazimika kummaliza kuku, na sikumsikia akilalamika.

Baba mkwe alikuwa akinitazama tu. Alipokwisha kunawa akamgeukia mjomba.

"Huyu kijana wenu, ng'ombe naye hamli?"

"Hamli, mzee wangu. Hata kidogo."

"Basi huyu ndiye mkwe. Ng'ombe wa mahari watafika wote, hakuna atakayeliwa njiani."

Baraza likaangua kicheko, na jikoni wakaanza kupiga vigelegele.