Uji wa Siku ya Kufungua Shule

Vita vya vijiji vyetu viwili vilianza kwa ng'ombe walioibwa, nyayo zao zikafuatwa hadi njia ya Lalago, na vikaisha kwa mazishi pande zote mbili. Shule yetu ya pamoja ilichomwa. Miaka ile huku Bariadi kila kitu kilikuwa kimeshakuwa cha kuchangia, hata chaki, kwa hiyo wazazi waliiezeka upya wenyewe, huku wamenuniana. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu, mwanamke mwenye mdomo, na ofisa elimu alikuwa ameshaniambia kwamba wakija watoto wa kijiji kimoja tu, shule inafungwa.

Siku ya kufungua, wa kile kijiji kingine, ng'ambo ya mto, walikuja. Nikashusha pumzi. Kisha wakajua nani kapika uji. Alikuwa mama mmoja wa upande wetu, ambaye kijana wake wa kwanza aliuawa kwa mkuki na watu wao. Aliomba mwenyewe kupika, nami nikamkubalia, maana hakujitokeza mwingine.

Watoto wao wakabaki na vikombe vitupu. Baba zao walisimama nyuma yao na fimbo, na hakuna aliyesogea.

Kwetu mpika pombe huonja kwanza mbele ya wageni, kutoa sumu, yaani kuonyesha haina kitu. Yule mama akafanya vivyo hivyo: akachota kata nzima, akainywa huku akiwatazama. Mzee mmoja wa ng'ambo akasema, tena kwa sauti, kwamba mwenye sumu hakosi dawa yake. Jamani, hasira zilinipanda. Nilitaka kumtimua palepale, lakini nikimtimua yeye wanaondoka wote, na shule ndiyo imekwisha. Nikanyamaza, mimi nisiyejua kunyamaza.

Mama akamwita binti yake wa darasa la kwanza, akamjazia kikombe.

"Huyu ndiye niliyebaki naye," akamwambia yule mzee.

Binti akanywa uji wote, akajifuta mdomo. Tukasubiri. Mwishowe mzee akamsukuma mjukuu wake mbele, taratibu, na foleni ikaanza.

Jioni nilimkuta yule mama akisugua sufuria kwa mchanga. Nikamwambia, "Mayu, mama yangu, umeiokoa shule. Mungu akubariki kwa kuwasamehe."

Hakuinua kichwa.

"Sijawasamehe, mwalimu. Nawachukia mpaka leo. Ila watoto wao wakikua hawamjui binti yangu, watamuua na yeye."