Kidani cha Kengele za Baiskeli

Kwenye zahanati ile, mtu akiuliza Mama Kengele yuko wapi, haonyeshwi kwa kidole. Anaambiwa, "Nyamaza kidogo." Akinyamaza anasikia ting, ting-ting, labda upande wa stoo, labda kule bombani wanakooshea ndoo, na hapo anajua pa kuelekea.

Kazi yake ni kupima watoto uzito. Ni mhudumu, si muuguzi, na jambo hilo halijawahi kumnyima usingizi. Huvaa gauni la kazi la rangi ya samawati, limepigwa pasi likanyooka, na juu ya gauni hilo huvaa kitu ambacho mgonjwa akikiona kwa mara ya kwanza husahau kwa muda kinachomuuma.

Mapenzi yake kwa vidani vikubwa yalianzia saluni kwa wifi yake. Wifi alikuwa na televisheni juu ya kabati la mafuta ya nywele, na siku hiyo walikuwa wanaonyesha sherehe ya kuwatuza waigizaji. Wanawake wanashuka magarini, wanapita juu ya zulia jekundu, wanageuka ubavu wapigwe picha. Mmoja akashuka na kidani kilichoanzia chini ya kidevu kikaishia karibu na kitovu, mabamba ya dhahabu ya mviringo yamelaliana kama magamba ya samaki. Mama Kengele, ambaye wakati huo alikuwa bado anaitwa kwa jina lake, aliinuka kitini kichwa kikiwa na povu.

"Wifi, kaa. Maji yanakuingia shingoni."

"Yaache yaingie. Unakiona kile?"

Wifi akatazama. "Kile ni kidani au ni mlango?"

"Ni kidani."

"Sasa anapumuaje?"

"Watu kama wale hawana haja ya kupumua, wifi. Wana haja ya kuonekana."

Alirudi nyumbani nywele zikiwa nusu zimesukwa, akaingia karakana ya mumewe, akachukua chaki akakichora kidani kile sakafuni. Mumewe ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, ambaye hata ukimuuliza habari za asubuhi hufikiri kwanza. Aliuzunguka mchoro ule, akafuta mikono, akasema, "Hizi ni kengele."

Akateremsha kutoka rafuni kopo la kengele za baiskeli zilizokwisha kufa. Akachukua vile vifuniko vya juu tu, akavisugua kwa majivu na ndimu mpaka ukawa unaweza kujitazama humo ukachana nywele, akaviunganisha kwa waya wa breki, vikubwa katikati, vidogo pembeni. Alipomvika mkewe alirudi nyuma, akafumba jicho moja kama anavyotazama gurudumu alilolinyoosha.

"Hakiyumbi," akasema.

Katika ndoa yao hayo yalikuwa mashairi.

Tangu siku hiyo Mama Kengele hakukiweka kidani kabatini. Hicho ndicho kilichowashangaza watu kuliko ukubwa wake. Wanawake wa mtaani kwake nao wana vitu vizuri, lakini wamevifunga kwenye vitambaa chini ya mashuka vikingojea harusi, na harusi ikija mwenye kitu ama amenenepa shingo ama amesahau alikiweka wapi. Mama Kengele alikivaa kidani chake kwenda kununua chumvi. Alikivaa kufua. Jirani mmoja, mama mcha Mungu wa kwaya, alimvuta kando akamuuliza kwa upole kama si majivuno.

"Dada yangu," Mama Kengele akamjibu, "Mungu alipomuumba tausi, alimwambia asubiri Jumapili?"

Jirani akasema atakwenda kulitafakari. Kesho yake alionekana akifagia uwanja na hereni zake za harusi masikioni, akiinama taratibu.

Kule kazini, kidani kilijipatia kazi chenyewe. Mzani wa watoto pale zahanati ni ule wa kuning'inia, una uso wa mviringo na mshale, na chini yake ndoano. Mtoto huvalishwa suruali ya kitambaa yenye mikanda, kisha huning'inizwa. Hakuna mtoto anayependa kuning'inizwa kama nyama buchani, na ni haki yake. Hulia, hurusha miguu, mshale hucheza, na mshale unaocheza hausomeki. Lakini mtoto akijiona kwenye kengele za Mama Kengele, anaona watoto wengi wadogo wanamtazama, wote wametulia kungoja aseme neno. Hunyamaza kwa heshima. Mshale husimama. Mama Kengele husoma, muuguzi huandika kwenye kadi, anaitwa mwingine.

Kati ya watoto wote waliopita kwenye ndoano ile, kulikuwa na mmoja aliyemkalia rohoni. Walimwita Mzee, kwa sababu alizaliwa na uso wa mtu aliyestaafu. Mama yake alikuwa mshonaji, msichana mpole mwenye cherehani barazani, na mtoto alikuwa mwembamba kiasi kwamba suruali ya kupimia ilimvaa yeye. Kwa muda alikuwa akipewa unga wa lishe. Muuguzi mkuu alikwisha kusema wazi: Alhamisi hii Mzee akifika kwenye mstari wa kadi, unga unakoma, amepona. Akishuka, analazwa hospitali kubwa. Akiwa katikati, anaendelea na unga. Mama Kengele alikuwa akimtaja Mzee katika sala kabla ya kumtaja mumewe, na mumewe alikuwa akisikia.

Alhamisi ikafika. Asubuhi, Mama Kengele alikwisha kuurudisha mshale kwenye sifuri, muuguzi mkuu akaingia. Huyu alikuwa mwanamke mnyoofu, pambo lake pekee ni saa ya mkononi, na hata hiyo huitazama kwa lawama.

"Mama Kengele, juzi mtoto amelamba kengele."

"Nazipangusa kwa spiriti kila siku, Sista."

"Ndiyo maana alilamba mara moja tu. Vua."

Akavua. Mtoto wa kwanza akaning'inizwa, akatazama mbele, akakuta shingo tupu ya mtu mzima. Akapiga yowe. Wa pili akamsaidia. Benchi zima likaitikia, mshale ukawa unapepea kama feni.

Mama Kengele akafikiri. Sista amesema nivue, hakusema kisionekane. Akakitundika kidani kwenye ndoano ya mzani, juu ya mikanda ya suruali, mahali ambapo mtoto anaweza kukitazama lakini ulimi haufiki. Watoto wakanyamaza. Muuguzi mkuu akachungulia, akaiona shingo tupu, akaridhika.

Asubuhi ile ilikuwa ya baraka. Watoto wote walikuwa wameongezeka. Walioumwa tumbo wameongezeka, wanaoota meno wameongezeka, hata yule ambaye mama yake alikiri kwamba wiki nzima hakula kitu ila sabuni. Vigelegele vilipigwa mpaka mlinzi akaja kuuliza nani ameolewa.

Muuguzi mkuu akazipitia kadi. "Mwezi huu wamekula nini hawa?"

"Ni neema tu, Sista."

"Neema sijawahi kuiona ikigawiwa kwa usawa namna hii," akasema muuguzi mkuu. Lakini foleni ilikuwa ndefu.

Akaja Mzee. Akaning'inizwa, akazikunjia uso kengele kama anayezikagua. Mshale ukapanda, ukafika, ukapita kilo za ule mstari wa kadi. Mama Kengele akasoma kwa sauti. Mshonaji akaomba arudie, akarudia. Msichana akakaa chini sakafuni akalia, akainuka akacheka, akamkumbatia mpimaji, akamkumbatia muuguzi mkuu, ambaye hakuzoea. Unga wa lishe wa Mzee ukarudishwa stoo ukapewe mtoto mwingine, na mshonaji akaondoka karibu anakimbia.

Foleni ilipokwisha, Mama Kengele akaondoa suruali, akakinyanyua kidani chake kutoka kwenye ndoano.

Mshale ukashuka. Ulikuwa umekaa juu kidogo, sasa ukarudi taratibu ukasimama kwenye sifuri.

Akakitundika tena. Ukapanda. Akakitoa. Ukashuka. Alirudia hivyo, akitumaini mshale utabadili mawazo. Kisha akakaa kwenye benchi la wagonjwa, kwa sababu lilikuwa karibu, akamwomba Mungu ampe miguu ya kwenda ofisini.

"Sista," akasema mlangoni, "nimewapima watoto pamoja na kidani."

Muuguzi mkuu akaweka kalamu chini. "Wote?"

"Wote."

"Kwa usawa."

"Kwa usawa, Sista."

Wengine walikuwa bado kwenye dirisha la chanjo, wakarudishwa. Palikuwa na maneno. "Yaani mwanangu amekonda kati ya dirisha hili na lile?" aliuliza mmoja. Mwingine akasema yeye kilo zake hazirudishi, zimekwisha kuandikwa. Lakini mmoja baada ya mwingine walipimwa upya, wakasahihishiwa kadi, wakaondoka wakinung'unika. Aliyebaki ni Mzee, naye yuko nyumbani, hana unga, anahesabika amepona.

"Nitamfuata mwenyewe," akasema Mama Kengele.

"Mfuate. Na ukifika usianze na kengele. Anza na mtoto."

Alikitia kidani mkobani, lakini kengele hazijui kujificha. Mshonaji alimsikia tangu kona ya mtaa, akaanza kumkaribisha kabla hajamwona.

"Karibu, Mama Kengele! Kaa hapo, sogeza hicho kitambaa. Hebu mtazame shavu lake. Nilikuwa nalitazama bila kuliona, kumbe limejaa!"

Mzee alikuwa kwenye kikapu cha vipande vya nguo, anatafuna ncha ya futi ya kupimia. Shavu lilikuwa lile lile la jana.

"Mwanangu," akasema Mama Kengele, "Mzee hajafika kwenye mstari."

"Amefika. Nimeona mshale kwa macho yangu mwenyewe."

"Mshale ulisema kweli. Ulimpima Mzee na kidani changu. Mimi ndiye niliyekitundika pale."

Cherehani ikasimama. Mshonaji akatazama mkoba, akamtazama mtoto, akatazama tena mkoba.

"Kwa hiyo mwanangu amenenepa kengele."

"Ndiyo, mama."

"Nimekwisha kumpigia mama yangu simu. Amelia. Amewaambia majirani wote."

Mama Kengele akausukuma mkoba nyuma ya miguu yake.

"Ungeniacha," akasema msichana, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Ungeniacha na furaha yangu mpaka mwezi ujao! Ungekufa?"

"Mimi nisingekufa," akasema Mama Kengele. "Lakini Mzee angekaa mwezi mzima bila unga."

Msichana akainama akakata uzi kwa meno, ingawa hapakuwa na uzi wa kukata. "Najua," akasema. "Ndiyo maana sijakufukuza."

Akafunika cherehani, akambeba mtoto, wakaongozana kurudi. Njiani mkoba ndio uliokuwa ukizungumza, mpaka Mama Kengele akaukumbatia kifuani unyamaze.

Chumba cha mizani kilikuwa kitupu. Kabla hajamtoa mtoto mgongoni, mshonaji akasimama mbele ya Mama Kengele.

"Vua na hereni."

"Hereni hazigusi mzani, mwanangu."

"Vua."

Akavua hereni. Akavua bangili. Pete ya ndoa ilihitaji sabuni, ikaletwa sabuni. Kisha mshonaji akageuka akautazama mkono wa muuguzi mkuu, na muuguzi mkuu akaivua saa yake akaiweka mezani.

Mshale ukarudishwa kwenye sifuri. Mshonaji mwenyewe akapitisha mkono chini ya ndoano, juu yake, nyuma yake, kama mtu anayetafuta buibui. Hapakuwa na kitu. Mzee akavalishwa suruali, akaning'inizwa.

Mzee akatazama mbele, akaona wanawake wazima watatu, hakuna hata mmoja anayeng'aa. Akalia kilio ambacho hakuna aliyejua kinaweza kukaa ndani ya mtoto mdogo kiasi kile. Akarusha miguu. Mshale ukawa unakwenda juu kwenye mstari unarudi chini kwenye hospitali kubwa, unakwenda juu, unarudi chini.

"Soma!" akasema mshonaji.

"Sisomi mshale unaocheza. Leo nimekwisha kukusomea vibaya mara moja."

Wakambembeleza. Wakampigia makofi. Muuguzi mkuu akamwonyesha kalamu.

"Basi mtu akivae!" akasema mshonaji, machozi yakimtoka. "Akivae asimame kule mlangoni, mbali!"

Mama Kengele alitakiwa asome. Mama mtu alikuwa ameushika mkanda wa suruali, haachii. Aliyebaki alijijua. Muuguzi mkuu akafungua mkoba, akakitoa kidani, akakivaa juu ya koti lake jeupe, akaenda kusimama mlangoni mikono nyuma. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Ting, zikasema kengele, kisha zikatulia.

Mzee akakata kilio katikati. Akamkagua muuguzi mkuu kuanzia shingoni mpaka tumboni. Miguu ikaning'inia.

"Achia mkanda, mwanangu," akasema Mama Kengele taratibu.

Msichana akaachia. Mshale ukayumba, ukapungua kuyumba, ukasimama. Mama Kengele akasogeza uso karibu, akatazama, akafumba macho, akatazama tena.

"Njoo usome mwenyewe," akasema.

Mshonaji akaweka kidole kwenye kioo, pale ulipokuwa mshale mwezi uliopita, kwa kuwa pale palikuwa pamemkaa kichwani. Mshale wa leo ulikuwa juu ya kidole. Haukuufikia mstari. Ulikuwa juu ya kidole kwa upana wa ukucha.

"Amepanda?"

"Amepanda."

"Kidogo sana."

"Kidogo," akasema Mama Kengele. "Lakini ni uzito wake mwenyewe."

Muuguzi mkuu akasema kutoka mlangoni kwamba basi hospitali kubwa haihusiki, mtoto anaendelea na unga, na mtu aende stoo kabla hawajampa mwingine. Akaenda yeye mwenyewe, kidani kikiwa bado shingoni, na kule uani wagonjwa waliokuwa wamekaa wakasikika wakiuliza ting-ting hii ni ya nani. Akarudi na unga.

Mshonaji akamvalisha mtoto kofia, akamfunga mgongoni, akaukumbatia mfuko wa unga. Hakumkumbatia mtu. Pale mlangoni akatoa simu.

"Mama," akasema. "Ni mimi tena. Ile habari ya asubuhi, waambie majirani waipunguze. Hapana, si kwamba hakupanda. Amepanda. Waambie waipunguze tu." Akasikiliza. "Kiasi gani?" Akautazama ukucha wake. "Subiri nikifika nitakuonyesha."