Nilivyotafsiri katuni ya kisiwani bila kujua Kiingereza, mjukuu akanifungulia daftari

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, na nyie vijana marahaba hata kabla hamjanisalimia.

Hii nitakayoandika ni kweli tupu. Najua kila anayefungua uzi humu anasema hivyo hivyo. Mimi nina sababu yangu: uongo umeshanivua nguo mbele ya watoto kumi na wawili, sina hamu nao tena.

Mwandiko mnivumilie. Niliishia darasa la tatu huko Mwimbi, na simu yenyewe kioo kimepasuka. Lakini mwenye digrii asinicheke, maana unga anaokula yeye mimi ndiye ninayeusaga.

Twende.

Nakaa Katandala hapa Sumbawanga mjini, mimi na mke wangu, Mama Deo. Deo ni mtoto wetu wa mwisho, yuko Dar. Binti yake, Leokadia, miaka tisa, tunaishi naye sisi, anasoma shule ya hapa karibu.

Huyu mtoto alikuwa ananiamini kuliko padri. Nikisema mvua itanyesha, anaanua nguo na jua linawaka.

Sasa Deo akatuma flashi kwa mtu wa basi. Ndani kuna katuni, familia imepotelea kisiwani. Akasema ni nzuri, waangalie wote, mtoto na babu na bibi.

Jumapili baada ya misa Leokadia akaalika wenzake. Nilidhani watatu. Walikuja kumi na moja, na viatu vyao vyote mlangoni kama kuna msiba.

Mmoja wao alikuwa Nasra, mjukuu wa jirani yangu mwenye malori. Mtoto mpole, anasoma zile shule za inglishi midiamu, anapita na basi la njano kila asubuhi. Mkumbuke huyo.

Tukachomeka flashi. Katuni ikaanza. Kiingereza kitupu.

Nyie mnajua watoto wetu wamezoea zile filamu zilizotafsiriwa, jamaa anapayuka juu yake kwa Kiswahili, baba akikohoa naye anakohoa. Hii haikuwa na jamaa. Wakaanza kunung'unika.

"Leokadia, mbona haijatafsiriwa?"

"Sisi tunaondoka."

Leokadia akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni. "Nani aondoke? Babu yangu anajua Kiingereza! Alikaa Zambia miaka minne!"

Wakuu, hapo ndipo nilipotakiwa kusema neno moja tu. Hapana. Neno dogo kabisa.

Nikavuta kiti karibu na TV. Nikasema, "Nyamazeni, nisikie wanasema nini."

Ngoja niwaeleze kuhusu Zambia. Kweli nilienda, Mbala pale, ujanani, kupakua magunia ya mahindi. Nilichojifunza ni Kibemba cha kubebea magunia: inua, shusha, angalia mguu wako. Kiingereza nilikuwa nakisikia kwa mbali kwenye redio ya bosi. Nyumbani nilikuja kusema nakijua, na kwa kuwa hakuna aliyenipima, nikazeeka nacho.

Basi nikaanza.

Baba wa kwenye katuni ana tumbo na kofia. Nikasema huyu ni mtu wa Mpui, anaitwa Mzee Kofia, alikuwa anaipeleka familia Kasanga kula migebuka ya ziwani, mtumbwi ukapigwa na upepo. Mama ana miwani. Kuna binti, kuna kaka yake mdogo, na kuna bibi mwenye shuka jekundu.

Watoto wakatulia. Nikaona kumbe ni kazi rahisi.

Wakifungua mdomo, na mimi nafungua. Mama akimfokea baba, nasema, "Nilikuambia tupande basi!" Watoto wanacheka mpaka wanalala sakafuni. Hata Mama Deo alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Yeye alikuwa anajua Kiingereza changu kimeishia wapi. Alitikisa kichwa tu kama mtu anayemwangalia ng'ombe akiingia kwenye mahindi ya jirani.

Kuna mahali baba anachimba chimba, analundika udongo. Nikasema kwa kujiamini, "Mnaona? Mfipa huyu. Analima matuta ya ntumba. Anafukia majani yaoze, mwezi ujao anapanda maharage."

Baba akainama, akatoa sanduku la misumari kwenye lile tuta.

"Babu! Ntumba imezaa sanduku!"

Nikasema ardhi ya kule ina rutuba sana.

Wakapokea! Nikajiona mwanaume.

Ila kitu kimoja kilinisumbua. Nasra alikuwa anacheka kabla yangu. Mtu kwenye TV anasema, Nasra anacheka, halafu ndipo mimi natafsiri na wenzake wanacheka. Na pale wenzake walipocheka sana, yeye alikuwa ananiangalia mimi.

Samahani wakuu, nilitoka kidogo, mkanda wa mashine ulichomoka. Nimerudi.

Basi, ikafika mahali yule bibi wa shuka jekundu amelala kwenye kibanda chao cha majani. Anaongea na yule binti. Anaongea taratibu, muda mrefu. Mimi nikaona haya ni maneno ya kawaida ya bibi kwa mjukuu. Nikasema, "Bibi anasema chumvi imekwisha. Kesho asubuhi ataenda upande wa pili wa kisiwa kutafuta chumvi."

Bibi akampa binti lile shuka. Nikasema, "Shika hili, huko kuna miiba, litachanika."

Kukapambazuka. Ndege mmoja akaruka juu ya maji. Bibi hayupo kibandani. Mnaona? Ameenda.

Baada ya hapo familia yote ikawa haina raha. Nikasema wana njaa, chakula hakina chumvi. Baba kavua kofia. Nikasema joto.

Vile vitoto vikaanza kuuliza. "Babu, bibi anarudi lini?"

"Chumvi iko mbali."

"Babu, siku zinapita. Bibi hajarudi."

"Amepita kusalimia ndugu."

"Kisiwani ana ndugu?"

"Bibi hakosi ndugu!"

Wakacheka. Nikacheka na mimi. Nikageuka kuangalia ushindi wangu, nikamwona Nasra. Analia. Halii kwa sauti. Amejifunika kwa mtandio wake, mabega yanatikisika, na wenzake kumi na mmoja wanacheka pembeni yake.

Nikamuuliza, "Nasra, nani kakupiga?"

Akafuta macho. Mtoto ana adabu yule, akanijibu kama ananiomba radhi mimi. "Hakuna, babu. Nilikuwa namlilia bibi. Alikufa. Alikuwa anamuaga."

Wote wakageukia TV.

Na ile katuni, kama ina chuki na mimi, ikaonyesha palepale ile familia imesimama kwenye lundo la mawe, binti anaweka maua, shuka jekundu limetandikwa juu. Mtoto wa Ufipa hahitaji Kiingereza kulijua kaburi.

Mtoto mmoja wa nyuma akapasua: "Babu hajui Kiingereza!"

Vicheko, wakuu. Vile vya kupiga mapaja. "Chumvi iko mbali! Chumvi iko mbali!"

Leokadia hakucheka. Alisimama tena pale katikati, mikono kiunoni kama mwanzo, lakini sauti haikuwa ile. "Anajua! Babu, waambie. Waambie unajua."

Nilimwangalia. Niliona kabisa kwamba nikisema kweli wananicheka mimi, na nikisema uongo anachekwa yeye.

Na mimi mzee mzima na mvi zangu nikasema: "Kiingereza cha Zambia ni tofauti kidogo."

Hata Mama Deo alirudi jikoni.

Leokadia akakaa chini. Nasra akamalizia kuwatafsiria dakika zilizobaki, kwa sauti ndogo, bila kunitazama. Meli ilikuja kuwachukua. Binti alikataa kupanda mpaka baba yake akubali kwamba yeye baba ndiye aliyewapoteza njia. Kumbe ugomvi wao wote ule ulikuwa ni huo! Mimi nilikuwa nimesema wanagombania kuku.

Jioni ile Leokadia hakuniletea maji ya kunawa. Yaliletwa na bibi yake. Kesho yake asubuhi aliniamkia, "Shikamoo babu," akapita. Shuleni walikuwa wameshampa jina: Chumvi.

Nilivumilia mpaka Jumanne. Mimi nimewahi kulala njaa, nimewahi kuugua peke yangu ugenini, lakini mtoto kunipita mlangoni kama anapita nguzo ya umeme, hilo sikuliweza.

Alipotoka shule nikamwita uani. Mama Deo alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikasema, "Leokadia, sijui Kiingereza. Sijawahi kukijua. Nilidanganya Jumapili, na nilikuwa nadanganya kabla hujazaliwa. Nisamehe."

Nilidhani atanikumbatia. Kwenye katuni ndivyo walivyofanya.

Akaingia ndani. Akatoka na daftari la hesabu na peni, akafungua ukurasa wa nyuma, akakaa juu ya kigoda.

"Babu. Yule chui uliyemuua kwa fimbo njia ya Mwimbi."

Wakuu, jasho likanitoka na baridi yote ya huku.

"Alikuwa fisi," nikasema.

"Ulimuua?"

"Alikimbia mwenyewe."

Akaandika. "Zambia miaka minne."

"Miezi saba."

"Waziri aliyekushika mkono?"

"Alikuwa dereva wake."

Mama Deo akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Muulize na la kuvuka mto Kalambo usiku!"

"Mama Deo, wewe upande wako ni upi?"

"Upande wa daftari."

Akaendelea kuniuliza, na mimi najibu. Uongo. Nusu. Uongo. Nusu. Sikujua kwamba nimedanganya kiasi hicho. Kila moja nilikuwa naliona dogo wakati nalisema.

Halafu akafika kwenye lile ninaloliheshimu kuliko yote. "Ulitembea kwa miguu kutoka Mwimbi mpaka hapa, una jembe tu begani, hujui mtu, ukaanza maisha."

"Hilo ni kweli," nikasema.

Akaandika: uongo.

"Leokadia, hilo ni kweli kabisa!"

"Ndivyo ulivyosema na Zambia, babu."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma. Ile safari ndiyo kitu pekee nilichonacho ambacho hakuna msomi anaweza kunionyesha cheti kikubwa zaidi, na mtoto wangu wa damu ameiweka mstari mmoja na fisi.

Nikamgeukia mke wangu. Nilimwomba, sioni haya kusema. "Mama Deo, mwambie."

Akachambua kwanza konzi moja ya maharage. Makusudi kabisa.

"Kutembea alitembea," akasema. "Miguu ilivimba kama viazi. Mimi nilikuwa binti wa nyumba aliyoomba maji, nikaikanda kwa maji ya moto. Futa, mama, andika kweli."

Leokadia akafuta. Nikapumua.

"Na mashine ya kwanza alinunua mwenyewe kwa jasho lake? Huwa anasema hivyo."

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Wallahi, na mimi Mkatoliki, nilikuwa nishaanza na "ndi". Mama Deo akaweka ungo chini.

"Mashine ile ilinunuliwa kwa mahindi yake na kimpumu changu. Misimu mitatu napika pombe ya ulezi, moshi unanitoa machozi, yeye anauza magunia. Andika nusu."

Leokadia akaniangalia. "Babu?"

Miaka yote hiyo, wakuu, kwenye harusi, kwenye vikao vya jumuiya, kwa vijana wanaokuja kuomba ushauri, nimesema nilijijenga peke yangu. Yeye anakuwepo, anagawa chakula, anasikia.

"Nusu," nikasema. "Andika nusu."

"Bibi, mbona hujawahi kusema?"

"Nani aliwahi kuniuliza?"

Mtoto akaandika. Akahesabu kwa kidole mpaka chini ya ukurasa, akafunga daftari.

"Babu, moja ni kweli. Nusu ziko sita. Zile za uongo nimeziacha, usizirudie mbele ya wenzangu."

Akainuka akaniletea maji ya kunawa.

Sasa wakuu, nilichojifunza nakisema bila kuremba. Uongo wa kujikweza haukai peke yake kwenye kona yake. Siku ukikamatwa, unaufuata hadi ukweli wako ulioutolea jasho na unauchafua. Na hapo utahitaji shahidi, na shahidi wako ni yule yule uliyemnyima sehemu yake kwenye hadithi. Wangu alikuwa na huruma. Angeamua kusema "sikumbuki", leo ningekuwa sina hata moja.

Jumapili iliyopita walikuja tena. Nasra anatafsiri, na anatafsiri vizuri, ingawa kusema kweli anakosa vionjo. Mimi nilikaa nyuma na Mama Deo. Nilijaribu kusema kitu kuhusu kuku, nikaambiwa nyamaza na watoto wanne kwa pamoja.

Karibuni mtoe yenu. Wazee wenzangu hasa: mjukuu wako akikalia kigoda na peni mkononi leo jioni, utabaki na mistari mingapi? Andikeni hapa chini. Na kama mama watoto yupo karibu, mpeni simu naye aandike ya kwake kwanza.