Mashada Sita na Mikono ya Mama Mkwe

Habari hii kwa kawaida husimuliwa na wengine nami nikiwa nimekaa pembeni najikuna shingo, sasa leo acheni niiseme mwenyewe, maana wanaisimulia vibaya, wanasema eti nilimfunga mama mkwe kwa kamba. Haikuwa kamba. Ilikuwa sufu, tena ya kijani.

Mimi nafuma masweta ya shule hapa Kilosa, mashine yangu ipo barazani, wengi mnaijua. Siku nilipokwenda Morogoro kununua uzi, mwenye duka alinionyesha aina mbili, mmoja umekwisha kuzungushwa kwenye koni, unauweka kwenye mashine unaanza kazi, na mwingine wa bei ya chini umefungwa mashada marefu, huo mpaka uuzungushe mwenyewe uwe madonge, na kwa ajili hiyo alikuwa anauza kimashine cha kuzungushia, kidogo tu, cha mkono. Nikachukua mashada, kimashine nikakiacha. Cha nini, na mke ninaye? (Nilijiona mjanja sana, njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu.)

Basi kila jioni mke wangu Zuhura akishaosha vyombo namkalisha kwenye kigoda, ananyoosha mikono yote miwili, namvisha shada, mimi navuta uzi na kukunja donge. Akisema mabega yanauma namwambia limebaki kidogo. Jioni moja mtoto wetu alijikwaa mlangoni, akaanguka, akawa analia, Zuhura akataka kuinuka na ule uzi mikononi, nami nikamwambia, "Subiri, tumalize hili moja."

Aliniangalia. Akakaa, tukalimaliza. Asubuhi yake akambeba mtoto na begi, akaenda kwao Mikumi.

Wazee wakapanga kikao, Jumamosi baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwa mama mkwe, kwa upande wao baba mkubwa wa Zuhura, Mzee Salehe, kwa upande wangu mjomba wangu wa Ulaya, kile kijiji cha huku huku Kilosa. Mimi nilikuwa namtaka mke wangu, hilo nalisema wazi, nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nakula nimesimama. Lakini pia shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu na masweta hayajaisha, kwa hiyo nikatia mashada sita kwenye mfuko, nikasema nikiwahi kufika nitazungusha mawili matatu huku nawasubiri wazee.

Nikawahi kweli. Nikapiga hodi, nikatoa shikamoo huku natazama chini, mama mkwe akaitikia marahaba kutoka mlango wa uani, akasema Zuhura yupo jikoni anapika chai ya wageni, nisubiri. Nikageuza kiti cha plastiki, nikavisha shada kwenye miguu yake, likawa linateleza linaanguka, naliokota, linaanguka tena. Yule mama ana huruma, mjue. Akasema, "Lete, baba, nikushikie."

Hapo ndipo nilipotakiwa kukataa. Mkwe unamkwepa hata njiani, sembuse kukaa naye goti kwa goti? Mimi nikawaza kwamba Zuhura akituona hivi atajua tunaelewana na mama yake, kikao kitakwenda vizuri. Nikavuta kiti.

Tukazungusha kwa heshima zote. Yeye anatazama ukutani kwenye kalenda, mimi natazama dirishani, maana mtu huwezi kumkazia macho mama mkwe wako, naye vilevile. Kwa hiyo uzi haukuwa na mtu wa kuutazama. Nzi akatua mkononi mwake, mama akageuza mkono, uzi ukaingia kwenye bangili, mimi nikahisi unakaza nikavuta kwa nguvu, akageuza na wa pili, nikavuta tena. Nilipothubutu kutazama, mama wa watu amefungika viganja mpaka karibu na viwiko. Na wazee wanapiga hodi.

Mama mkwe akasimama kuwapokea kama ilivyo ada. Mzee Salehe akampa mkono, mkono wa kupokea haupo. Na katika kusimama kule khanga ya kichwani ikateleza, ikaanguka mabegani, nywele wazi mbele ya shemeji yake na mbele yangu, naye hawezi kuirudisha. Mimi (sijui nilifikiri nini) nikanyoosha mkono nimwinulie. Mjomba akaniita jina langu kamili mara moja tu, mkono ukarudi.

Zuhura akaingia na birika. Akaliweka chini, akamfunika mama yake kichwa, akarudi jikoni, akaja na kisu. Na hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo, kwa sababu mengine yote naweza kuyaita bahati mbaya, lakini hili nililisema kwa kinywa changu mwenyewe:

"Usikate, nitaufungua taratibu."

Zuhura akakata. Vipande vya kijani vikaanguka sakafuni, mama mkwe akawa anasugua viganja. Mzee Salehe akamwambia mwanawe aeleze malalamiko yake, Zuhura akajibu kwamba hana la kuongeza. Mzee akageukia upande wetu. Mjomba akachukua kofia yake, akasema, "Hata sisi hatuna."

Chai haikunywewa. Tulirudi mimi na mjomba, Zuhura akabaki.

Mwezi uliofuata nilinunua kile kimashine, nikakipeleka Mikumi kama ushahidi. Zuhura alikitazama, akasema hicho hakuwa amekiulizia. Nikakaa pale nimekipakata, mwisho nikasema, "Siku ile mtoto alilia, nikakwambia subiri. Nilikosa." Akaingia ndani, akakaa sana, kisha akatoka na begi.

Sasa nanunua uzi wa koni tu, uwe ghali usiwe ghali, na mashada sitaki hata kupewa bure. Na mtoto akilia, anayeinuka ni mimi, hata nikiwa katikati ya mstari. Mara nyingi nikirudi nakuta nyuzi zimeanguka kwenye sindano, mgongo wa sweta umefumuka. Naanza upya.