Shukrani ya Mguu Mmoja

Nilizaliwa uhamishoni, Tanzania, na tuliporudi Rumonge nilikuwa na matege ya kutosha kupitisha mbuzi katikati ya magoti. Hayo si maneno yangu, ni ya watoto niliosoma nao Kizuka. Leo ni watu wazima, na baadhi yao wananiletea watoto wao niwafundishe. Nawapokea vizuri tu, lakini sijasahau uso hata mmoja.

Matege yenyewe nilishayazoea. Kilichonishinda ni maumivu. Magoti yalianza kuniuma upande wa ndani, na kusimama ubaoni asubuhi nzima kukawa adhabu. Daktari wa mifupa kule Bujumbura alinipiga picha ya miguu yote miwili nikiwa nimesimama, akanionyesha kwa ncha ya kalamu jinsi uzito wangu wote ulivyoangukia upande mmoja wa goti na kulisaga. Alisema angeukata mfupa chini kidogo ya goti, aufungue kidogo kama mtu anayepenyeza kabari kwenye gogo, kisha aushikize kwa chuma mpaka uunge ukiwa umenyooka. Angeanza na mguu wa kushoto. Ukipona, tungerudi kwa wa kulia.

Mama alikataa kunisindikiza. Alisema ngazi, yaani mikungu ya michikichi, zimeshakatwa, nani atakamua mawese? Mtu aliyenivusha ziwa nikiwa mgongoni tulipotoka uhamishoni, leo ananitajia mawese! Niliumia, siwezi kusema vingine. Nikaenda na mke wa kaka yangu, yeye ndiye aliyenipikia na kuniogesha hospitali.

Mfupa uliunga. Siku nilipoachana na magongo, mama akatangaza shukrani kanisani bila hata kuniuliza. Kwetu shukrani si jambo la kunong'ona. Alipeleka dumu la mawese, mkungu wa ndizi na jogoo, kwaya ikamwimbia, naye akashika maikrofoni akasema, "Mutoto wangu amepona kabisa! Munisaidie kushukuru!" Nikaambiwa nitembee mbele ya watu. Nikatembea, mguu mmoja umenyooka, mwingine uko vilevile kwenye tao lake, kama mlango na fremu vilivyotengenezwa na mafundi wawili wasiosalimiana. Vigelegele vikapigwa. Hakuna aliyethubutu kusema alichokiona.

Nilipokumbusha habari ya mguu wa kulia, mama akanijia juu. "Umeisha kushukuru, unarudi kuomba nini tena? Watu watasema tulimudanganya Mungu."

Basi nikakaa na mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, nikichechemea vibaya kuliko kabla sijakatwa, na goti la kulia likiniamsha usiku. Kaka alisema nimwache mama atulie. Mimi si mtu wa kumwacha mtu atulie. Nikamfuata uani alipokuwa anachambua mbegu za michikichi, nikamwambia nitarudi hospitali, apende asipende, ila kwanza aniambie anaogopa nini.

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Nilikuheka sana."

Kuheka, kwetu, ni kubeba mtoto mgongoni. Akanieleza. Kule uhamishoni hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Alilima nikiwa mgongoni, alitafuta kuni nikiwa mgongoni, hata kupika alipika nami mgongoni, miguu yangu imemkumbatia kiunoni tangu asubuhi hadi jioni. Siku nilipoanza kutembea, jirani mmoja aliniangalia miguu akasema, "Ni wewe umemupinda na mbeleko." Tangu hapo hakulitupa neno lile. Alikwepa hospitali asije akalisikia kwa daktari, mbele za watu. Na alishukuru haraka ili habari ya miguu yangu iishe, isizungumzwe tena.

Ndipo nikakumbuka jambo nililokuwa nikiliona kila siku bila kuliona. Watoto wote wa kaka yangu wamelelewa kwenye uwanja ule, na mama hajawahi kumbeba hata mmoja mgongoni. Aliwabeba mikononi, mbele, hata mikono ikimtetemeka. Shemeji yangu alidhani mama mkwe anaringa. Nilikaa chini karibu naye kwenye maganda, hasira imeniisha, nikaona uchungu mkubwa kwa ajili yake.

Tulikwenda Bujumbura wote wawili. Kwa daktari nikauliza kwa sauti, yeye akiwa pale pale, kama kubebwa mgongoni ndiko kulikonipinda. Daktari akashangaa. Akasema hapana, mifupa inaweza kupinda kwa kukosa lishe utotoni, au ikakua hivyo tu. Mbeleko haipindi mguu, tena mtoto kukaa vile, miguu imetanuka, ni vizuri kwa nyonga zake.

"Hapana?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

"Murakoze, muganga," akamshukuru kwa Kirundi, akainamisha kichwa, na hakulia mpaka tulipofika nje.

Mfupa wa mguu wa kulia ulikatwa mvua zilipoanza. Siku ya kwanza niliyoweza kukaa kitandani, mlango wa wodi ukafunguliwa, mama akaingia na kapu la chakula mkononi, na mgongoni, amefungwa kwa kitenge kilichokazwa sawasawa, mtoto wa mwisho wa kaka yangu. Mtoto huyo alikuwa ameshaanza kukimbia. Alijaa mgongo mzima, miguu ikining'inia mpaka karibu na magoti ya bibi yake.

Muuguzi akacheka. "Mama, huyu iko mukubwa sasa. Mushushe apumuzike."

"Wacha kwanza," mama akasema, akikaza fundo kifuani. "Huyu sijamuheka hata siku moja."