Kifutio cha Gavana

Kwenye karatasi za ajira kazi yake iliandikwa katibu muhtasi, lakini kwenye korido za Benki Kuu hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Bi Kifutio. Kwa miaka kumi na tisa kila neno la Gavana lilipita mezani kwake kabla ya kutoka nje, na mengi hayakutoka. Gavana aliandika kwa penseli hata baada ya kompyuta kujaa jengo zima, na yeye alifuta kwa kifutio cheupe alichokikata kwa wembe ili kipate ncha. Ukitaka kujua nani hasa aliyeongoza benki ile, waulize wafagizi waliokuwa wakizoa vumbi la kifutio chini ya meza yake.

Mambo yalianza na mchele. Mwaka wa kwanza wa ugavana, Gavana alikwenda kufungua maktaba ya shule. Mwandishi wa redio akamuuliza hali ya chakula, naye, mtu mkweli aliyelelewa na mama mkweli, akajibu kwamba ana wasiwasi kidogo na mchele. Kidogo tu! Habari ikasomwa saa saba mchana. Kufika saa kumi madukani hapakuwa na punje, na watu wazima walikuwa wakigombania gunia tupu. Waziri wa fedha akapiga simu akifoka mpaka Bi Kifutio, chumba cha pili, akasikia kila neno bila kutega sikio.

Gavana akatoka ofisini uso umemshuka. "Dada yangu," alisema, "kuanzia leo nikiandika neno la kumwinua mtu kitini, lifute."

Akafuta. Alifuta "wasiwasi", akafuta "hakika", akafuta "ndiyo" na "siyo". Yaliyobaki yalikuwa maneno laini yasiyomtisha mtu: huenda, iwapo, kwa kadiri, tunafuatilia kwa karibu. Mawaziri watano wa fedha walikuja wakaondoka, Gavana akabaki, na bei zikatulia tuli. Wageni walitoka nchi za mbali kuja kujifunza. Walimsifu Gavana kwa hekima yake, wakanywa chai, wakaaga bila kumtupia jicho mwanamke wa chumba cha pili. Hakujali, alijua mwenyewe alichokifanya.

Kitu kingine walichokipenda wageni hao ni wiki ya kimya. Siku saba kabla Kamati haijaamua juu ya riba, Gavana hakumjibu mtu yeyote jambo lolote, asije akatoboa siri kwa kukohoa tu. Siku hizo alisoma ripoti za kutoka kila pembe ya nchi, basi. Hata mama mkwe wake alipopiga simu kuuliza kama ni wakati mzuri wa kununua mabati, alijibiwa, "Mama, niulize Alhamisi." Na Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, si dakika moja kabla, tamko lilitoka.

Walistaafu katika mwezi mmoja, yeye na bosi wake. Bi Kifutio alikuwa na mpango mmoja tu maishani, kulala mpaka saa tatu. Wiki ya pili akasikia hodi. Gavana alisimama mlangoni kwake na mkoba uleule wa ofisini. Watu wa chama walikuwa wamemwomba agombee ubunge katika jimbo alikozaliwa, naye amekubali.

"Nahitaji mtu wa kufuta," alisema.

Wakapanga chumba juu ya kibanda cha fundi viatu, chenye meza mbili, feni isiyozunguka na harufu ya gundi iliyopanda kupitia sakafuni. Meneja wa kampeni alikuwa mwanamume mwenye simu tatu na subira ya nusu simu. Mpinzani wao alikuwa mbunge wa vipindi viwili, na watu walimwita Ndiyo-Ndiyo kwa sababu hakuna alichowahi kukikataa. Daraja? Ndiyo. Barabara ya mlimani? Ndiyo. Umeme? Ndiyo. Ungemwomba mvua angekuuliza unaitaka saa ngapi.

Mkutano wa kwanza ulifanyika nje ya zahanati. Zahanati yenyewe ilikuwa imejengwa, ikapakwa rangi ya bluu, ikafungwa kufuli kwa miaka mitatu. Gavana alishika kipaza sauti akaanza: "Kwa kuzingatia hali iliyopo, na iwapo mambo mengine yatabaki kama yalivyo..." Mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Tafsiri, mzee!" Watu wakacheka. Kisha muuza mboga, mama mnene mwenye sauti ya kengele, akasimama.

"Mimi nina swali dogo. Hii zahanati itafunguliwa lini?"

"Inategemea," Gavana alisema.

Jamani, kicheko kile! Watu walishikana mabega wasianguke. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa umempa jina jipya, Mheshimiwa Inategemea, na mafundi gereji walilitumia kwa kila mteja aliyeuliza gari lake litakuwa tayari lini. Mikutano iliyofuata ilikuwa hivyohivyo. Gavana alimung'unya maneno, watu wakaondoka mmoja mmoja, na mwisho wakabaki wenye viti vya kukodi wakisubiri viti vyao.

Bi Kifutio alirudi nyumbani akajitupa kwenye kochi. Mumewe, fundi saa, alikuwa na lenzi jichoni na saa ya mtu tumbo wazi mezani.

"Mama watoto, umekifanyisha kifutio chako kazi kwelikweli," alisema bila kuinua kichwa. "Umemfuta yule mzee mpaka ulimi."

Alitania, masikini, lakini maneno yalimwingia mkewe hadi kwenye mfupa. Alijiona amemharibu mtu. Miaka kumi na tisa alijivunia ile kazi yake, na kumbe alikuwa akimnyang'anya mwenzake sauti, herufi kwa herufi. Gavana akishindwa, hatakuwa ameshindwa na Ndiyo-Ndiyo. Atakuwa ameshindwa na kile kipande cheupe kilichomo mkobani mwa Bi Kifutio.

Ikabaki wiki moja kupiga kura. Gavana akaingia ofisini asubuhi, akatundika koti, akamwambia meneja, "Kuanzia leo hakuna mikutano. Siongei na mtu."

Meneja alidondosha simu mbili kati ya tatu. "Unaumwa, mzee?"

"Uamuzi ni wiki ijayo. Kabla ya uamuzi tunanyamaza."

Bi Kifutio ndiye aliyeelewa kwanza, na nusura alie. "Mzee," alisema taratibu, "ile ilikuwa benki. Huku anayeamua si wewe, ni wao."

"Basi wao ndio Kamati," Gavana alisema. "Na mimi sijasoma ripoti zao hata moja."

Akachukua penseli na daftari, akashuka ngazi. Alikaa kwenye kigoda kwa fundi viatu asubuhi nzima. Kesho yake alikaa gereji, kisha sokoni, kisha kwenye ngazi za zahanati iliyofungwa. Aliuliza swali, akanyamaza, akaandika. Watu walimchokoza wakachoka. Muuza mboga alimsema kwa saa nzima, na alipomaliza aliwaambia wenzake kwa mshangao, "Leo nimeongea na mwanasiasa mpaka mimi mwenyewe nimeishiwa maneno!" Ndiyo-Ndiyo akatangaza kwa spika za gari lake kwamba mzee amekimbia, mara amepoteza sauti, mara yuko mahututi.

Bi Kifutio alijifunga kibwebwe. Kama ni wiki ya kimya, basi iwe ya kibenki kabisa. Akaandika tangazo la mistari miwili na kulibandika kila ukuta uliokubali gundi ya fundi viatu: Gavana atatoa tamko Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, uwanja wa shule. Uvumi wa Ndiyo-Ndiyo ukafanya kazi iliyobaki. Kila mtu alitaka kuona kama mgonjwa anapumua.

Jumatano mchana Gavana alimletea kurasa kumi na moja za penseli. Bi Kifutio alizisoma, kifutio mkononi, na mkono wenyewe ukaenda moja kwa moja kwenye neno "siwezi" ili kulifuta, kama ilivyozoea. Akausimamisha. Akavuta pumzi, akasogeza kifutio upande wa pili, akafuta "huenda". Akafuta "iwapo". Akafuta "kwa kadiri itakavyowezekana", mstari mzima, na vumbi likamjaa mapajani. Alipofika kwenye "inategemea" alikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Kilichobaki hakikujaza ukurasa.

Gavana alikisoma chote. "Dada, umenivua nguo," alisema.

"Ndiyo," alijibu Bi Kifutio. Hakukumbuka mara ya mwisho alipolitamka neno hilo kazini.

Alhamisi uwanja ulijaa hadi juu ya ukuta. Saa nne kamili Gavana alisimama.

"Zahanati haina muuguzi," alisoma, "kwa sababu barua ya kumwomba muuguzi haijawahi kuandikwa. Nimeuliza wilayani. Miaka mitatu mnapiga kelele, na mbunge wenu anaitikia, na hakuna aliyeandika barua. Nikichaguliwa nitaiandika siku hiyohiyo."

Akafungua mdomo tena.

"Barabara ya mlimani siwezi. Miaka mitano haitoshi. Anayewaambia inatosha anawadanganya."

Nimemuua, aliwaza Bi Kifutio. Kisha muuza mboga akasimama katikati ya umati.

"Rudia hapo, mzee!"

"Siwezi," Gavana alirudia.

Mama yule akawageukia watu, mikono juu. "Jamani! Leo tumeambiwa hapana, na mtu mzima, mchana kweupe!" Akaanza kupiga makofi, na makofi yakaenea hadi kwa waliokaa ukutani, na vigelegele vikafuata. Meneja wa kampeni alimkumbatia Bi Kifutio na simu zake zote tatu. Ndiyo-Ndiyo, walisema waliomwona, alizima spika zake mwenyewe.

Gavana alishinda kwa kishindo. Alishinda hata mlimani, kwa watu aliowanyima barabara. Matokeo yalipotangazwa, mji ulimbeba juujuu mpaka kwa fundi viatu, na yeye akaomba ashushwe hapo kwa sababu ana kazi. Akapanda ngazi, akakaa, akaandika barua, akaisukuma upande wa pili wa meza kama alivyoisukuma kila karatasi kwa miaka kumi na tisa.

Bi Kifutio alitoa kifutio. Aliisoma barua mara mbili. Sentensi tatu, muuguzi mmoja. Alitafuta cha kufuta akakosa, akatafuta tena, na furaha ikamzidi nguvu. Chozi likadondoka juu ya neno "muuguzi". Alipolipangusa haraka kwa kidole, neno likachafuka likawa doa.

Mheshimiwa alicheka mpaka fundi viatu akagonga dari kwa nyundo. "Hata leo umefuta!" alisema, akachukua penseli na kuliandika tena, kubwa kuliko mwanzo.